Ukipigwa risasi unatibiwa bure, ukijifungua unalipa: hospitali zetu za Kivu

Mwana_Birere (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Goma, mashariki mwa Kongo. Uzi ni mrefu. Asiye na muda aruke hadi kwenye noti iliyochanika.

Mdogo wangu wa kike alishikwa uchungu usiku, huko juu Masisi. Hadi Februari 2025 alikuwa kambini Bulengo. Kambi zilipovunjwa akarudi kijijini na mumewe, wakakuta nyumba haina mabati na kituo cha afya hakina milango. Magodoro yamebebwa, sola imebebwa, friji ya chanjo imebebwa. Amebaki mkunga mmoja na mzani wa kupimia watoto. Kwa nini waliuacha mzani sijui mpaka leo. Mkunga akampapasa tumbo, akaona mtoto amekaa kimkingamo, akasema huyu ni wa kisu, yaani wa kupasuliwa, mshusheni mjini.

Wakamweka kwenye kipoyi. Kwa msiokijua: miti miwili, blanketi limefungwa katikati, wanaume wanne mabegani na wanne nyuma wa kupokezana. Saa tano mpaka barabarani. Kuanzia hapo pikipiki, mgonjwa amebanwa katikati ya dereva na shemeji. Vizuizi vya njiani sitavisimulia, kila anayetoka huko anavijua na bei zake.

Hospitali siitaji jina, na msinifuate pembeni kuniuliza. Kesho nikiugua nitarudi pale pale.

Mlangoni kwanza unanunua fishi, karatasi ya mgonjwa. Halafu wanakuonyesha dirisha la keshia: dola 100 kabla ya kisu. Halafu unapewa karatasi ya vitu vya kuleta mwenyewe: glavu jozi sita, nyuzi za kushonea, gozi, serumu, dawa ya usingizi, mpira wa mkojo, mpaka sabuni ya kufulia mashuka. Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara. Vitu shemeji alivikopa kwa jamaa yake. Mimi nilikuwa na zile dola 100: noti ya 50, mbili za 20 na moja ya 10. Keshia akazinyanyua kwenye mwanga moja moja. Ile ya 50 akanirudishia.

Ilikuwa na mchano pembeni, mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Anayeishi Kongo anajua: dola iliyochanika si dola tena. Nikamwambia, dada, mgonjwa yuko hapo koridoni, mwangalie tu. Akamwangalia. Akasema, "Yaya (ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa), nikiipokea watanikata mimi." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu, maana sikuwa na mtu wa kumgombeza.

Nikatoka mbio kutafuta mtu wa kuibadilisha. Saa mbili usiku, katika mji ambao benki zake zilifungwa tangu waasi wa M23 walipoingia mwezi wa Januari 2025, na giza likishuka watu wanapiga komeo. Nikampata mama mmoja muuza vocha anafunga kibanda chake. Akaichukua kwa 42. Hizo nane zilizopungua nikaziomba kwa walinzi wa hospitali, mbili mbili. Kuanzia kufika mpaka kisu ilikuwa saa moja na dakika kumi, na muda huo wote mtoto alikuwa kimkingamo.

Jenereta iliwashwa kwa ajili ya kisu tu. Walipomaliza ikazimwa. Mtoto mzima, wa kike. Mama mzima.

Bili ikaja 243. Toa 100, imebaki 143. Hatuna. Mdogo wangu akahamishiwa chumba cha nyuma, akawakuta mama kumi na mmoja, wote wamepona, wote hawatoki. Wawili wawili kitandani na vichanga vyao. Chakula kila mtu analetewa na ndugu, asiye na ndugu anakula kwa mwenzake. Mlinzi wa geti anadai karatasi ya kutokea, na karatasi anaitoa keshia. Mmoja alikuwa humo tangu Februari. Mtoto wake ameota meno mawili ndani ya chumba kile.

Sasa sikilizeni. Wiki hiyo hiyo kijana wa jirani yangu alipigwa risasi ya paja. Akapelekwa Ndosho, hospitali ya kanisa la Kibaptisti la CBCA, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wanawahudumia majeruhi wa vita. Kisu mara mbili, dawa, chakula, magongo ya kutembelea. Hakutoa hata faranga. Simwonei wivu, risasi si zawadi. Ila nilipomsimulia mdogo wangu, akaniuliza huku ananyonyesha: "Yaya, kumbe ningepigwa risasi?"

Alikuwa anacheka. Mimi sikuweza.

Siti_ya_Mbele

Pole sana mkuu. Huyo mtoto wa meno mawili ameniharibia siku.

Mzee_wa_Hoja

Pole mleta uzi, lakini tuambizane ukweli. Hilo si suala la vita, ni la uongozi. Machimbo ya Rubaya yako hapo hapo Masisi, inakadiriwa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini ya kutengenezea simu, inatoka huko. Mnakalia utajiri halafu mnaomba gozi. Mwaka 2001 marais wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Kinshasa walitekeleza lini?

Mwana_Birere

Mzee wangu, sibishi. Ila Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Na kabla ya hapo, ilipokuwa mikononi mwa wengine, mchimbaji wa Rubaya akivunjika mguu alikuwa anashushwa kwa kipoyi hicho hicho. Mwenye mlima amebadilika mara ngapi, kipoyi hakijabadilika.

Muganga_Mchovu

Mimi ni muuguzi. Kwetu muuguzi na daktari wote wanaitwa muganga, basi niiteni hivyo. Nimesoma huu uzi mara mbili, nikataka kunyamaza, nimeshindwa.

Nina miaka kumi na moja kazini. Sijawahi kuwa na namba ya serikali. Sijawahi kupokea mshahara wa serikali hata mwezi mmoja. Nchi nzima mko mnatuona tumevaa makoti meupe mkidhani tunalipwa. Tunavyoishi ni hivi: mwisho wa mwezi tunafungua sanduku la mapato. Kwanza inatoka hela ya dawa. Pili mafuta ya jenereta. Tatu kipande kinachopanda kwenye ofisi za juu. Kinachobaki tunagawana kwa pointi, daktari zake nyingi, mfagiaji zake chache. Mwezi wa tatu mwaka 2025 nilipata faranga 38,000. Hazifiki dola 15. Nina watoto wanne.

Kwa hiyo mwajiri wangu ni mgonjwa. Na mwajiri wangu amekimbia vita, analala darasani, ng'ombe wake wameswagwa, shamba lake hawezi kulifikia. Vita inapomfilisi yeye inanifilisi mimi siku hiyo hiyo. Hospitali yetu haikuguswa na bomu hata moja, lakini iko kama unavyoiona.

Yule keshia ninamwelewa mno. Hela ikipungua kwenye droo, inakatwa kwenye pointi zake.

Na usidhani tunafurahia kile chumba cha nyuma. Kila hospitali hapa inakijua, ila hakuna kibao mlangoni. Ukiwaachia wote, mwezi ujao jenereta haina mafuta, na atakayekufa ni yule anayefika na mtoto kimkingamo. Ukiwafungia, umemfunga mzazi kwa kosa la kuzaa. Niambieni nichague lipi.

Sheria_Mkononi

Kuchagua hakuna hapo muganga, samahani. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Deni ni suala la madai. Huwezi kumshika binadamu rehani kama baiskeli.

Muganga_Mchovu

Kweli kabisa kaka. Njoo uisome hiyo ibara mbele ya muuza dizeli.

Siti_ya_Mbele

😂😂 Muganga ametisha.

Mama_Rutshuru

Naomba nimsahihishe mleta uzi kidogo ili haki itendeke. Si kila kitu kinalipiwa. Mwanangu alikuwa na utapiamlo mkali, alilazwa hospitali ya Kyeshero kwa wale Madaktari Wasio na Mipaka, sikulipa chochote, hata sabuni nilipewa. Waliobakwa wanatibiwa bure hospitali ya Panzi kule Bukavu, na hospitali ya HEAL Africa hapo Goma vilevile. Tusiwafute waliotusaidia.

Mwana_Birere

Asante mama, uko sahihi, nilizidisha. Wacha niseme vizuri nilichokusudia.

Kwetu kuna magonjwa yenye baba na magonjwa yatima. Risasi ina baba. Kubakwa kuna baba. Utapiamlo una baba. Ebola ilikuja na baba mwenye magari hamsini. Lakini malaria ya mtu mzima, presha, sukari, ngiri, uchungu wa kuzaa uliokwama: hayo hayana wa kuyalipia ila mgonjwa mwenyewe. Na kwenye vita ndiyo yanayoua watu wengi kimyakimya, maana hayapigi kelele.

Mnande_wa_Butembo

Umegusa Ebola, nami niliiona kwa macho. Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Kabla ya hapo vituo vya afya mtaani kwetu vilikuwa havina hata parasetamoli. Miaka tunauawa kule Beni kwa mapanga, hakuna aliyekuja. Ghafla Ebola, na magari meupe yakajaa. Watu wakauliza swali moja tu: kumbe njia ilikuwepo? Mlikuwa wapi?

Swali halikujibiwa vizuri, uvumi ukajibu badala yake. Wengine wakasema ni biashara, ugonjwa umeletwa ili watu wale hela. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa. Aprili wakamuua hospitalini daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani. Mtu ametoka kwao kuja kutuokoa. Nilitembea na aibu ile wiki nzima, na bado ninayo.

Ila angalieni hesabu. Ebola ile iliua watu 2,287. Katika kipindi hicho hicho surua ilikuwa inaua watoto nchini, na kufikia Januari 2020 walikuwa wamepita 6,000. Surua! Ugonjwa wa chanjo moja. Mwanangu aliugua surua mwaka huo. Kituoni walimpima joto la Ebola mlangoni kwa kile kidude kama bastola, bure. Wakaona hana Ebola, wakanielekeza kwa keshia.

Mzee_wa_Hoja

Nimesoma hii ya surua nikaiweka simu chini. Mtoto alipona?

Mnande_wa_Butembo

Alipona mzee. Jicho moja halioni vizuri.

Kijana_wa_Uvira

Nyie mnaongea kama haya yameanza na M23. Baba yangu alikuwa hospitali ya Lemera, Kivu Kusini. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia hospitalini wakaua wagonjwa vitandani na wahudumu. Daktari mkuu wa pale alikuwa Denis Mukwege, siku hiyo hakuwepo. Mwaka 1999 ndipo ikazaliwa Panzi kule Bukavu, na 2018 akapewa Nobel ya Amani. Dunia inaijua Panzi. Lemera ndiyo iliyokuwa hospitali ya wanakijiji, ya ngiri na kujifungua. Baba mpaka kesho akiugua anasema nitibieni nyumbani. Kwake kitanda cha hospitali ni mahali pa kukutiwa.

Muganga_Mchovu

Kijana wa Uvira, mpe baba heshima zangu. Januari 2025 nilikuwa Goma, M23 walipoingia, na lile la kukutiwa kitandani lilikuwa kichwani mwangu kila saa.

Siku zile hakukuwa na umeme, hakukuwa na maji. Majeruhi walijaa vitanda, wakajaa korido, wakajaa sakafu, wengine wakalala nje chini ya hema. Ghala la dawa la Msalaba Mwekundu liliporwa. Mashine ya kuchemshia vyuma haikuwaka, tukavichemsha kwenye sufuria juu ya makaa. Sufuria ileile niliyokuwa nikipikia sombe nyumbani, mwanangu aliniletea. Siku tatu sikurudi kwangu. Nilikuwa nakanyaga kwa vidole katikati ya miguu ya watu kama anayevuka mto juu ya mawe.

Na siku zile sikumdai mtu hela. Hakuna aliyemdai mtu hela. Dawa ilipokuwepo tuliitoa, ilipokwisha tulishika mkono tu. Nimewahi kufikiri kwamba ndizo siku pekee nimefanya uuguzi kama nilivyofundishwa shuleni. Ni wazo la ajabu, sijui kama mnanielewa.

Halafu kuhusu magonjwa yenye baba: baba akinuna, ugonjwa unakuwa yatima usiku mmoja. Mwanzoni mwa 2025 Marekani walikata misaada. Dawa za kumkinga mtu na VVU baada ya kubakwa lazima aanze ndani ya saa 72. Nilipokuwa nafanya kazi tulianza kuhesabu maboksi. Anakuja mama ametembea siku mbili kukuwahi, unafungua kabati unajua hamna, lakini unafungua hivyo hivyo ili akuone umefungua.

Sheria_Mkononi

Muganga, yale niliyosema juu ya rehani nayaacha palepale, lakini kauli ya "kuchagua hakuna" naiondoa.

Mzalendo_Halisi

Mnalialia tu. Jiungeni na bima za afya za kijamii, mutuelle zipo Kivu miaka mingi, mapadri wanazisimamia. Dola chache kwa mwaka kwa kila kichwa.

Mwana_Birere

Zipo, na ni kitu kizuri, mama yetu mzazi alikuwa na kadi. Shida ni kwamba kadi inakujua kwa parokia yako na hospitali ya eneo lako. Ukikimbia vilima viwili, kadi imebaki karatasi. Mdogo wangu amehama mara tano tangu 2022. Kila mahali alipofika michango ya mwaka ilikuwa imeshakusanywa.

Na tumesikia pia kwamba tangu Septemba 2023 Kinshasa wameanza kuzalisha bure. Hongera kwao, nasema kwa moyo. Kutoka hapa mpaka Kinshasa barabara hakuna, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025.

Siti_ya_Mbele

Mkuu, dada yetu ametoka lakini? Au bado yuko chumba cha nyuma?

Mwana_Birere

Ametoka jana, baada ya wiki tatu na siku mbili. Likelemba, yaani upatu, ya wamama wa kanisani walimpa zamu isiyo yake: aliyekuwa apokee mwezi huu alisema nitasubiri. Zikapatikana 80. Imebaki 63. Keshia, yule yule, akaenda mwenyewe kwa msimamizi kutuombea. Wakakubali atoke kwa sharti aweke kitu. Hatukuwa na kitu. Wakachukua kadi yake ya kupigia kura.

Mnajua kwetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho. Bila hiyo, kizuizini yeye si mtu. Kwa hiyo hawezi kurudi Masisi, yuko kwangu, tuko tisa kwenye vyumba viwili. Karatasi ya kuzaliwa ya mtoto nayo wamesema ataipata siku ya kumaliza deni.

Alipokuwa anatoka, wale mama kumi na mmoja walisimama mlangoni wakampigia vigelegele vya chini chini, mlinzi asije akakasirika. Yule mwenye mtoto wa meno alimpa kanga.

Muganga_Mchovu

Yaya, hapo kwenye karatasi ya mtoto usikubali. Kadi ya mama ni mapatano yenu, sawa. Ila mtoto hadaiwi. Usiende kwa keshia, nenda kwa mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, asubuhi kabla ya zamu kubadilika, mtafute yule aliyempokea mtoto. Mwambie taratibu unaomba hati ya kuzaliwa kwa ajili ya kuandikisha, usitaje bili. Kitabu anacho yeye, na yeye mwenyewe ni mama.

Kuandikisha ni bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, inabidi mahakama, na mahakama ina keshia wake.

Mshono wake ukoje? Una maji? Una harufu?

Mwana_Birere

Umekauka, muganga, pembeni tu panawasha. Homa hana.

Mkunga namfahamu kwa sura, ana kilemba cha kijani. Nitakuwa getini saa kumi na mbili. Leo ni siku ya 24.

Kijana_wa_Uvira

Mtoto mmemwita nani?

Mwana_Birere

Jina la kanisani bado. Kule chumba cha nyuma walikuwa wanamwita Mchano, na mama yake ameshaanza kuitika.